Imeandikwa Hasemi

Mgeni wa tano alifika Jumatano saa nne asubuhi, ukungu ukiwa bado haujatoka kwenye migomba. Saumu alimwona anapanda ngazi za udongo huku amekumbatia kishikwambi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Akaweka ungo chini, akasema kwa sauti ya kusikika, "Haya. Wamekuja tena."

Mdogo wake Hidaya, aliyekuwa kwenye mkeka anachambua maharage, hakuinua kichwa. Akatoa moja bovu, akalitupa kwa kuku.

Wa kwanza alikuja mwaka ule wa mvua iliyobomoa daraja. Wa pili alikuja na mwamvuli. Safari ya tatu walikuja wawili, mmoja wa kuuliza na mwingine wa kumpiga picha yule anayeuliza. Wa nne alikuwa msichana mwenye mafua, akanywa chai vikombe vitatu akaondoka na kalamu ya Saumu. Wote waliuliza yale yale. Anakula mwenyewe? Anaoga mwenyewe? Anatoroka? Anapiga watu? Wote waliacha karatasi iliyoandikwa kwamba mshiriki ana haki ya kupewa matokeo. Saumu ana karatasi nne za namna hiyo ndani ya sanduku chini ya kitanda. Matokeo hajaletewa hata siku moja.

Kwa kweli aliyapata, ila kwa mlango wa nyuma. Wiki moja kabla ya Jumatano hiyo aliteremka hadi Soni, akapata gari la Lushoto mjini, akaenda kwenye kile kituo kipya kinachopokea watu wazima wenye ulemavu wa akili. Alikuwa amesikia habari zake msikitini, kwamba kuna kitalu cha miche, kuna kuchambua mbegu, kuna kufunga mboga mafungu ya kupeleka sokoni, na asiye na wa kumrudia nyumbani ana kitanda. Akaona hapa ndipo. Maana mwezi wa tatu Saumu alianguka shambani. Presha. Aliamka amelala kifudifudi kwenye tuta, Hidaya amekaa pembeni yake kamshika kisigino, na jua lilikuwa limeshahama upande. Saumu ana miaka sitini na moja. Mtoto wa kaka yao, Amiri, yuko Tanga mjini, na kila akiulizwa kuhusu shangazi yake anasema, "Tutaona." Mtu akikwambia tutaona, ujue ameshaona.

Pale kituoni alimkuta binti wa mapokezi anaitwa Happiness, kucha ndefu, kompyuta mbele. Binti akaandika jina la Hidaya, akasoma, akatikisa kichwa.

"Mama, huyu hafai. Sharti la sita, awe anaweza kuwasiliana. Hapa imeandikwa hasemi. Umri wa akili, miaka mitatu."

"Nani kaandika?"

"Utafiti."

"Utafiti ni nani? Ana mguu? Mbona mimi ndiye ninayeishi naye? Hidaya anasema mpaka namwomba anyamaze!"

"Kila mlezi anasema hivyo, mama. Utafiti ukibadilisha, na sisi tutabadilisha. Orodha inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, saa sita."

Saumu akarudi kwao Vuga, akatoa zile karatasi nne, akapiga namba zilizoandikwa chini. Mbili hazipatikani. Ya tatu ikapokelewa na fundi wa pikipiki. Ya nne, mtu akamwambia, "Usijali mama, awamu ya tano inakuja huko kwenu Jumatano."

Kwa hiyo huyu kijana mwenye kishikwambi, pamoja na kwamba alikuwa wa tano na Saumu alishachoka na mbegu yao yote, ndiye pekee aliyekuwa na uwezo wa kufuta lile neno kabla ya Ijumaa.

"Shikamoo mama," kijana alisema, anahema.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kaa hapo, mguu mmoja wa hicho kigoda ni mbovu, usiuegemee. Chai ya maziwa au ya rangi?"

"Yoyote mama. Naitwa Alen. Natoka kwenye mradi wa utafiti wa..."

"Najua. Mnavaa viatu vya aina moja."

Alen akacheka, akaviangalia viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya, kijana wa miaka ishirini na sita hivi, mwenye uso wa kuombea radhi mambo ambayo hajayafanya bado. Akatoa karatasi. "Kwanza ridhaa. Mama utasaini hapa kwa niaba yake."

Saumu akasaini. Alishazoea. Kisha Alen akainuka, akaenda hadi kwenye mkeka, akachuchumaa mbele ya Hidaya, akainamisha kichwa upande kama mtu anayemwangalia kifaranga.

"Mambo Hidayaaa! Umependeza! Unapenda pipi? Eeh? Nina pipi hapa!"

Hidaya ana miaka arobaini na mitatu. Ana mvi juu ya masikio. Alikuwa amevaa kanga mpya aliyoitoa mwenyewe kabatini, na kilemba, kwa sababu aliambiwa mgeni anakuja. Akaitazama ile pipi, akatazama maharage, akaendelea kuchambua.

"Ana haya," Saumu alisema haraka. "Hidaya, mwambie mgeni jina lako."

Kimya.

"Mama, naomba usimsaidie," Alen alisema kwa upole. "Mfumo unataka nisikie mwenyewe. Maneno matano ndani ya dakika kumi. Nitamwonyesha picha."

Picha zenyewe! Saumu alizijua, zilikuwa zile zile za yule wa mafua, safari hii zimo kwenye kioo. Lifti. Taa za barabarani. Ndege mmoja mweusi na mweupe, kasimama wima kwenye barafu kama shehe aliyekosa msikiti. Saumu mwenyewe asingejua ndege huyo anaitwaje, naye hajawahi kuandikwa hasemi.

"Hii ni nini, Hidaya? Eeh? Niambie mtoto mzuri. Hii?"

Dakika moja. Tatu. Saumu alikaa kwenye kizingiti anajikamua vidole. Alimtazama mdogo wake kwa jicho la kumsihi, halafu la kumtisha, halafu la kumtukana. Jana tu, jana hiyo hiyo, Hidaya alisimulia kuanzia jikoni mpaka kitandani jinsi mbuzi wa jirani alivyokula sabuni. Alisimulia mara nne! Na mapovu akayaigiza! Leo, siku ya kuokoa maisha yake, kafunga mdomo kama kopo la kiwandani.

"Hidaya wee," Saumu alishindwa kuvumilia, "unataka nife kwanza ndipo useme?"

Hidaya akamwangalia dada yake, uso umetulia kabisa. Ilikuwa sura ya mtu anayengoja jambo ambalo lazima litangulie. Saumu akaona ni ukaidi.

Kishikwambi kikalia. Alen akashusha pumzi, akagusa kioo, akapita ukurasa. "Pole mama. Nimeweka nilichokiona."

"Umeweka nini?"

"Hasemi."

Kuna hasira ya kupiga kelele, na kuna ile inayokaa tumboni kama bada, ule ugali wa muhogo, iliyopoa. Akachukua birika akammiminia mgeni chai, maana mgeni ni mgeni hata akikuua.

Hapo ndipo jirani yao Rehema alipotokea nyuma ya jiko, kabeba ungo kichwani. Mama wa watoto watatu, ana miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Akapiga goti kidogo kwanza kwa Saumu.

"Shikamoo dada Saumu."

"Marahaba."

Halafu akageukia mkekani, akapiga goti vile vile. "Shikamoo dada Hidaya."

"Marahaba!" Hidaya alisema, uso ukafunguka wote. "Marahaba Rehema. Watoto hawajambo? Yule wa kikohozi? Ungo wangu huo. Ulisema Jumatatu. Leo Jumatano. Na mbuzi wako kala sabuni yetu, hujasema pole. Amekunya mapovu?"

Maneno yake hutoka mazito, yanapita kwenye ulimi mnene, na mengine huyaacha katikati akaingia Kishambaa, lakini hakuna mtu mwenye masikio asiyeyaelewa. Rehema akacheka mpaka ungo ukayumba.

"Pole dada, pole sana. Hajambo yule mbuzi. Ameng'aa tu."

"Kesho anywe maji," Hidaya alisema. "Na ungo weka pale. Si pale. Pale."

Rehema akauweka pale, akamtupia Alen jicho, akaondoka zake bado anacheka.

Alen alikuwa kasimama na kikombe mkononi, chai inamwagikia kiatu. "Mama! Amesema!"

"Nilikwambia."

"Amesema... hata siku za wiki anazijua!" Akarudi mbio mkekani, akachuchumaa tena, akainamisha kichwa tena. "Hidayaaa! Kumbe unajua kusema! Hebu sema tena! Sema ungo!"

Hidaya akainamia maharage. Kimya kikarudi kama mlango uliofungwa kwa komeo.

Saumu, pale kizingitini, akahisi kitu kinampanda taratibu kutoka miguuni. Watu wa Vuga wana jambo moja, nalo ni salamu. Zamani hapo palikuwa makao ya wafalme, na ingawa leo pamebaki mahindi na migomba kama vijiji vingine, mtu wa Vuga huamkia kana kwamba mfalme bado yuko nyuma ya mlango. Na marehemu mama yao alikuwa mkali kuliko wote. Hidaya alipokuwa mdogo, watoto walikuwa wakimcheka, na mama alikamata fimbo akatangaza sheria ya uwanja wake, kwamba mdogo kwa Hidaya hapiti hapa bila shikamoo, na Hidaya hamjibu asiyempa. Mama alikufa, fimbo ikaoza, sheria ikabaki. Watoto wa mtaa mzima wanaifuata bila kujua ilitoka wapi. Hidaya mwenyewe anaifuata kama anavyofuata kula kwa mkono wa kulia.

Safari tano za watafiti. Wote vijana. Wote walimpa Saumu shikamoo yake, nzuri, ya heshima, halafu wakageuka wakamwambia mtu wa miaka arobaini, "Mambo Hidayaaa." Na yeye Saumu, dada mtu, aliipokea ya kwake akaona salamu imetosha nyumba nzima. Kisha akaanza kujibu maswali yote kabla mdogo wake hajameza mate. Miaka yote hiyo alisema ni haya. Haya gani! Mtu kasimama kwenye haki yake, naye anamfunika kanga usoni.

Sasa tatizo likawa moja. Mwenyeji hamfundishi mgeni adabu. Salamu haiombwi. Kumwambia mtu "hujatuamkia" ni kujivunjia heshima kuliko kutoamkiwa. Mama yao angemtandika kwa hilo pia. Saumu akakaa na neno hilo mdomoni kama mtu aliyetafuna pilipili mbele ya wakwe. Akaikumbuka Ijumaa. Akakumbuka udongo wa tuta mdomoni, na mkono wa Hidaya kwenye kisigino.

"Alen," alisema. "Mama yako ana miaka mingapi?"

"Arobaini na mitano."

"Ukifika nyumbani unamwambia Mambo mamaaa, unapenda pipi?"

"Hapana, mama..."

"Huyu ana arobaini na mitatu. Mwamkie."

Kijana akaangalia kishikwambi kana kwamba jibu limo humo. "Lakini mama, hapa kwenye faili... umri wa akili ni miaka mitatu. Tulifundishwa kwenye semina tuongee nao kulingana na umri wa akili."

"Na umri wa akili waliupataje?"

"Kwa sababu hasemi."

"Na hasemi kwa sababu gani?"

Saumu aliona lile jambo linazunguka kichwani mwa kijana, linazunguka, halafu linakaa. Masikio yakamwiva.

Hakuchuchumaa safari hii. Alikwenda akasimama mbele ya mkeka, akaona amesimama juu sana, akapiga goti kama alivyofanya Rehema. "Shikamoo... mama Hidaya."

"Marahaba," Hidaya alisema papo hapo. "Hujambo? Baba hajambo? Mama? Ng'ombe?"

"Hawajambo. Ng'ombe hatuna."

"Hamna ng'ombe?" Hidaya akageuka kwa dada yake, kajaa huruma. "Hawana ng'ombe hawa." Kisha kwa mgeni, "Vua viatu. Umekanyaga mkeka. Unaandika nini humo?"

"Naandika habari zako."

"Umeniuliza?"

Alen akamtazama Saumu. Saumu akatazama migomba. Alishaapa kimoyomoyo kwamba hatafungua mdomo hata wakiulizana njia ya chooni.

"Sijakuuliza, mama. Naomba nikuulize sasa. Naruhusiwa?"

"Uliza. Nikikataa nakataa."

Akauliza. Hidaya akajibu aliyoyataka. Kazi gani unafanya? Maharage. Na miche ya kabichi. Huzidishi maji, unaoza mzizi. Nani rafiki yako? Rehema, lakini ni mwongo wa siku. Unaweza kuoga mwenyewe?

"Wewe unaoga mwenyewe?" Hidaya aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi."

Pipi aliikataa, akaomba chai. Kuhusu yule ndege wa kwenye barafu, akasema hamjui, na akashauri wamtoe pale kwenye baridi. Alen alikuwa anacheka na kuandika pembeni kwenye daftari, lakini alipotaka kurudi kwenye ule ukurasa wa kwanza, kioo kikakataa. Akabonyeza. Kikakataa. Akakizima, akakiwasha.

"Nini tena?" Saumu aliuliza, kiapo kikamponyoka.

"Ukurasa ukishapita, mfumo unaufunga. Ni kwa ajili ya... ubora wa takwimu."

"Ubora wa nini?"

"Takwimu, mama."

"Kwa hiyo uongo mmeufungia kwa kufuli, ukweli ndio unabaki nje na mvua?"

Alen akapanda hadi kilimani, juu ya msikiti, kutafuta mtandao, akampigia msimamizi wake. Saumu alimwona kwa mbali anatembea huku na huku, mkono mmoja hewani. Alirudi na uso mrefu. Msimamizi kasema taarifa haibadilishwi ikiwa kijijini. Kama kuna tofauti, isubiri awamu ya sita.

"Lini?"

"Mwakani. Kama wafadhili..."

Saumu akaingia ndani, akatoa moja ya zile karatasi nne, akaigeuza upande mweupe, akaipiga juu ya kigoda mbele ya kijana. "Andika. Kwa mkono wako. Ulichosikia. Si tuna haki ya kupewa matokeo? Toa sasa."

Na Alen, kwa sifa yake, aliandika. Ukurasa mzima, hadi habari ya mzizi wa kabichi. Mwishoni akataka Hidaya aweke dole gumba. Hidaya akakataa. "Mimi si mwizi." Akachukua kalamu, akachora duara, na ndani ya duara nukta nyingi. Ni ungo wa maharage, akaeleza, kama kuna asiyeona.

Ijumaa saa nne wakawa kituoni Lushoto. Foleni ilikuwa ya walezi na watu wao, wengine wamekaa kwenye benchi la ukutani, wengine wamesimama. Hidaya alivaa ile kanga mpya. Mlangoni palikuwa na mlinzi mzee, kofia ya sufu hadi machoni. Hidaya akampa shikamoo yake bila kuambiwa, akaitikiwa, wakaulizana habari za mvua. Saumu akaona mambo yataenda.

Walipofika mezani, Happiness alisoma ile karatasi mbele na nyuma.

"Mama, hii haina muhuri."

"Ina mkono wa mtafiti wenu."

"Inatakiwa muhuri. Na mfumo bado unasema hasemi." Akamgeukia Hidaya kidogo, akatabasamu kwa meno ya mbele. "Mambo dada mzuri! Unaitwa nani?"

Hidaya akatazama ukuta.

Happiness akangoja kidogo, akamgeukia Saumu na kufungua mikono. "Umeona mwenyewe? Hasemi."

Loo! Saumu alihisi damu yote inakimbilia kichwani, mpaka akashika ukingo wa meza akihofia presha. Nyuma yake foleni ilikuwa inaguna. Angeweza kueleza. Angeweza kusimulia mbuzi na sabuni. Angejibu kila swali kwa niaba, kama alivyofanya miaka arobaini, na mwisho wake ungekuwa uleule. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa. Akaweka mkoba mapajani. Akatazama ukuta ule ule anaoutazama Hidaya.

"Mama?" Happiness alisema. "Mama, nakuongelesha."

Ndugu wawili, kimya. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa tano na nusu.

"Jamani, mnazuia foleni!"

"Binti," mlinzi mzee alisema kutoka mlangoni, wala hakupandisha sauti. "Huyo mama nimeongea naye hapa sasa hivi. Hiyo kompyuta yako imemwamkia?"

Benchi zima likacheka. Mama mmoja wa Gare, aliyekuwa kamshika mwanawe wa kiume mkubwa mkono, akasema, "Na huyu wangu kaandikwa hivyo hivyo. Mtu mzima na ndevu, wanamwita baby!" Mwingine akadakia, na mwingine. Happiness akaangalia kulia na kushoto. Alikuwa binti wa watu naye, kwao si mbali, Shume huko juu, na uso wake ulionyesha kwamba amemkumbuka ghafla bibi fulani wa kwao, na huyo bibi hakufurahi.

Akainuka kutoka kwenye kiti. "Shikamoo mama."

"Marahaba," Hidaya alisema. "Kucha zako ndefu, utachomekaje mche? Mimi Hidaya. Nimekuja kazini. Kitalu kiko wapi?"

Wakampa nafasi. Mwezi mmoja wa majaribio, imeandikwa kwenye daftari kwa kalamu, kwa sababu kompyuta ilikataa. Mfumo, Happiness alieleza akiwa hatazami mtu, utabaki unasema hasemi mpaka utafiti ubadilishe. Hidaya hakungoja maelezo hayo, alishafika uani kitambo, na sauti yake ilisikika hadi ofisini anamwambia mtu kwamba maji yamezidi.

Wiki ya pili, nyumba ya Vuga ilikuwa kimya mpaka Saumu akawa anawagombeza kuku ili asikie mtu. Hidaya hulala kituoni, hurudi Ijumaa jioni, na mpaka Jumapili hakuna anayepata nafasi ya kuongea. Katikati hapo Saumu huchambua maharage mwenyewe. Hayaweki vizuri. Hidaya humwambia.

Siku moja akiwa ameinamia ungo, simu ikalia. Namba ngeni. Akaibana kati ya sikio na bega.

"Hallo?" Sauti ya msichana, ya haraka. "Hallo, naongea na mlezi wa Hidaya, yule asiyesema? Ni mradi wa utafiti hapa, tunahakiki taarifa. Hallo? Kuna mabadiliko yoyote?"

Saumu alikuwa na mabadiliko ya kujaza gunia. Yalimfika mpaka kwenye meno. Lakini sauti ile ilikuwa ya mtu wa miaka ishirini na mbili, kama imezidi sana, na kuna neno moja halijatangulia.

Akatoa harage bovu, akalitupa kwa kuku.

"Hallo? Mama, unanisikia? Hallo?" Kisha sauti ikageukia pembeni, kwa mtu aliyekaa jirani, "Yupo, nasikia anahema. Ila hasemi."

Saumu akaikaza simu begani, akavuta ungo karibu, akangoja.